Saa sita niliyoisikia saa tisa: nilivyopunguza kelele za upepo kwenye pikipiki

Simu ililia asubuhi, nimeshuka tu kwenye pikipiki pale Vipingo kunywa dafu. Alikuwa msimamizi wa jikoni wa hoteli moja ya Watamu: friji ya samaki imegoma, nifike kabla ya saa sita. Mimi nikasikia saa tisa. Nikalimaliza dafu langu bila haraka, nikapitia kwa mteja mwingine Kilifi, nikaingia Watamu saa nane na nusu nikijiona nimewahi. Samaki walikuwa wameshaharibika. Yule bwana hakunigombeza. Alinitazama tu, akauliza, "Fundi, masikio yako mazima?"

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nakaa Kisauni, Mombasa, na wateja wangu wengi ni mahoteli ya barabara ya Malindi. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni karibu kilomita 60, hadi Malindi karibu 120. Kuna siku nakaa juu ya Boxer yangu saa nne nzima, kwenda na kurudi. Kwa miaka nilikuwa nikifika nyumbani masikio yananivuma, na mama watoto akinisemesha inabidi arudie mara mbili, mara tatu. Nikaona ni uchovu wa njia.

Baada ya samaki wale nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinikalisha kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akanipigia milio ya juu na ya chini, kisha akanionyesha mchoro. Mstari ulikwenda sawa, halafu ukazama ghafla penye hezi 4,000, yaani kwenye milio ya juu. Akasema shimo la hapo ndiyo alama ya sikio lililoumizwa na kelele, na sauti nyembamba kama s, t na f ndizo zinazotangulia kupotea. Fikiria maneno "sita" na "tisa". Ondoa s na t, yanabaki "i" na "a" katika yote mawili. Vinyweleo vya ndani kabisa ya sikio vikishakufa, akasema, havioti tena.

Nilidhani mkosaji ni ekzosi. Kumbe ukishapita mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, upepo unaopiga helmeti unaizidi injini kwa kelele. Kwenye 100, ndani ya helmeti kelele hupita desibeli 95 bila shida (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Kikomo cha kelele wanachokitumia wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Mimi sikimbizi hivyo, mara nyingi niko kwenye 80, lakini saa nne ni saa nne.

Nilianza na pamba ya duka la dawa. Haizuii kitu. Kisha nikafunga kioo kikubwa cha mbele cha kukinga upepo, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi: kifua kilipumzika, kichwa kikawa kinapigwa kama ngoma. Niliendesha hivyo wiki mbili nikiilaumu helmeti, hata nikaanza kuulizia bei ya mpya.

Jibu nililipata penye mashamba ya mkonge, barabara imenyooka na tupu. Nilijiinua kidogo nikasimama juu ya vikanyagio, kichwa kikapita juu ya kioo. Kelele ilishuka papo hapo. Nikakaa, ikarudi. Upepo wenyewe ukija moja kwa moja, umetulia, hauna makelele mengi. Unaopiga kelele ni ule uliovunjwa na ukingo wa kioo ukaanza kujizungusha, na ukingo wa kile changu ulikuwa unaumwaga sawasawa usoni pangu. Kioo ama kiwe kirefu upepo upite juu ya helmeti, ama kiwe kifupi uje kifuani. Cha katikati ndicho kibaya. Nilikifungua siku ileile, na mpaka leo kiko juu ya kabati.

Ikabaki helmeti. Kwenye kipande kingine kitupu niliweka kiganja cha kushoto chini ya kidevu kwa sekunde chache, mvumo ukapungua karibu nusu. Nikakihamishia shingoni nyuma ya sikio, ukapungua tena. Kwa hiyo upepo ulikuwa unaingilia chini, na sponji za mashavuni zilikuwa zimelika, helmeti inacheza. Nilinunua sponji mpya za mashavu za saizi yake. Kijana mmoja wa gereji alinishauri nichonge ile sponji nyeupe ngumu ya ndani nipachike nyingine laini. Usikubali. Hiyo nyeupe ndiyo inayokufa badala ya fuvu lako ukianguka.

Kwa kidevu nilipata msaada pwani ya Bamburi, kwa rafiki anayepeleka wageni kuzamia. Alinipa kipande cha mpira wa nguo ya kuzamia iliyochanika, laini na usionyonya maji. Fundi cherehani wa Mwembe Tayari alinishonea kitambaa cha umbo la mwezi mwandamo, kinachochomekwa kwenye ukingo wa chini wa helmeti na kufunga uwazi wa kidevu. Shingoni nafunga kikoi chepesi, ncha nazichomeka ndani ya jaketi zisipepee. Joto lipo, sitaficha. Kwenye foleni ya Kongowea nafungua kioo cha uso, la sivyo kinajaa mvuke.

Lakini kilichofanya kazi kuliko vyote ni kidogo kuliko vyote. Shemeji yangu anafanya kazi bandarini Kilindini, na huko huvaa vizibo vya masikio vya sponji. Nilikuwa nimeshavijaribu nikaviona havina maana. Akaniambia, "Shemeji, hivyo umevibandika tu, hujavivaa." Akanifundisha. Unakisokota kizibo kati ya vidole vikavu mpaka kiwe chembamba kama kijiti. Mkono wa pili unaupitisha juu ya kichwa, unashika ncha ya juu ya sikio na kulivuta juu na nyuma, tundu linanyooka. Unakiingiza, unakishikilia kwa kidole huku unahesabu hadi thelathini, kinavimba na kujaa. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe inakuwa nzito kichwani kama uko ndani ya pipa. Vinauzwa penye maduka ya glavu na miwani ya kuchomelea. Vikishakuwa vichafu navitupa, sitaki kuongeza maradhi ya sikio.

Nilihofia sitasikia matatu. Imekuwa kinyume: upepo ukishapungua, honi inajitokeza wazi, na hata mnyororo ukilegea naujua. Vifaa vya muziki siweki, kwa sababu ili kuushinda upepo lazima uongeze sauti, na hapo umejiumiza mara mbili.

Msimu nao una neno. Kuanzia Aprili kusi linapovuma, kurudi kutoka Kilifi ndiyo taabu: linakujia mbele, upande wa kushoto, upande wa bahari. Disemba hadi Machi ni zamu ya kaskazi, na taabu inahamia wakati wa kwenda. Siku hizo nashusha mwendo hadi 70 na kutoka mapema.

Mvumo wa jioni umeisha, na mama watoto harudii tena maneno. Lile shimo la hezi 4,000 nilipopimwa tena lilikuwa palepale, halijajaa wala halijaongezeka. Ndiyo maana mteja akinitajia saa kwenye simu, namwomba aniandikie kwa ujumbe.