Shangazi, wacha makuti yakae chini ya kunde

Kila ukifika mwezi wa pili, kaskazi bado inavuma na masika yako mbali, huku kwetu Likoni utasikia kilio kilekile: kunde zimepiga manjano. Na dawa inayotajwa ni ileile, mbolea. Mimi nasema chukua kipimajoto kwanza.

Juzi saa saba mchana nilichomeka chetu cha jikoni, kile cha kupimia nyama, kwenye mchanga mtupu nyuma ya nyumba, kina cha vidole viwili. Nyuzi 44. Hatua chache kutoka pale, chini ya makuti makavu niliyotandaza baina ya mistari ya kunde, 32. Jua ni lilelile.

Kunde hujitafutia naitrojeni yake, ile inayozizuia zisipige manjano, kwa msaada wa bakteria aina ya Bradyrhizobium, wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi na kuigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Ukitaka kuwaona wakiwa kazini, usiung'oe mche kwa kuuvuta, vinundu vitabaki ardhini. Chimbua kwa kijiti, suuza mizizi, kisha pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi, mambo ni mazuri. Rangi hiyo ni leghemoglobini, jamaa wa himoglobini ya damu yetu. Kikiwa kijani, kimekwisha. Upande wa mchanga mtupu nilikuta vichache, vidogo kama vichwa vya pini, na karibu vyote kijani.

Kabla ya kuingia mzizini, bakteria hawa hujishikiza juu yake na kujijengea utando wa ute, yaani bayofilmu, wenye sukari ndefu, protini na hata DNA. Utando ndio unaowawekea unyevu. Joto likizidi, protini za bakteria hupoteza umbo, na nguvu ambazo wangetumia kuzaana na kujenga utando huishia kwenye kukarabati miili yao. Mchanga wetu wa pwani nao haukai na maji. Hata ishara za kemikali ambazo mzizi na bakteria hupelekeana huvurugika, na vinundu havifanyiki. Kuna rhizobia, yaani bakteria wa vinundu, wa mimea mingine ambao joto huwapotezea plasmidi, kipande kidogo cha DNA, yenye jeni za kutengeneza vinundu: wako hai, ila kazi hawaijui tena.

Sisemi joto huwaua wote. Rhizobia wa kunde waliotolewa Maradi, kule Niger, wengi wao walikua vizuri maabara kwenye nyuzi 40. Bacillus subtilis naye, bakteria mwingine wa udongo anayekinga mizizi, hujifunga ndani ya spora, ganda gumu, na kungoja. Lakini spora imelala, haikingi mzizi wala haijengi utando. Pseudomonas fluorescens, mkinga mizizi mwingine, hana hata hiyo spora.

Ndiyo maana nakasirika na duka moja la pembejeo linalopanga pakiti za chanjo ya mbegu, yaani bakteria wa vinundu wa kupaka kwenye mbegu, dirishani, jua la alasiri likizipiga. Bakteria wa ndani ya pakiti wanataka mahali pa baridi. Pale unauziwa unga mweusi tu, kwa bei ya chanjo.

Sasa shangazi yangu. Kwake yeye shamba lisilofagiwa ni la mvivu, kwa hivyo kila asubihi yumo na fagio la chelewa, anakusanya makuti na majani, anachoma. Nikimweleza habari za bakteria anacheka. Hoja yake kwamba makuti huleta mchwa, lakini, siwezi kuipuuza, maana makuti makavu wanayapenda kweli. Kwa hiyo natandaza membamba, nayasogeza mbali na shina, na yakianza kuliwa nayabadilisha. Maji namwagia jioni, chini ya makuti, si juu yake.

Tumepatana hivi: mistari ya nyuma ni yangu na haiguswi. Mbele, panapoonekana na wapita njia, atafagia apendavyo, na hapo sipandi kunde tena. Nimempa apande mikadi yake.