Siku Mama Alipoliacha Tui Likatike

Mama yangu hakuwa akisamehe tui lililokatika. Ukiachiwa chungu cha mchuzi ukazubaa, ukarudi ukakuta maji yamekaa huku na madonge huku, siku hiyo hulali bila kusikia maneno. "Tui linapigwa upawa mpaka lichemke," alikuwa akisema, na upawa wenyewe, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, haukumtoka mkononi: anachota, anainua, anamimina, anachota tena, mpaka tui linatulia na kuchemka zima. Kwa hiyo jioni ile ya Novemba 1983, nilipomwona ameteleka tui zito motoni, tui la kasimele kabisa, halafu akavuta kigoda akakaa kulitazama bila upawa, nilidhani anaumwa.

Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako ndiko maisha yetu yote yalikokuwa. Mimi nilikuwa na miaka 11, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alifanya kazi bandarini.

Aliyeishi Tanzania miaka ile hahitaji kuhadithiwa, lakini wadogo zetu wanaosoma wajue hivi. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na Mwalimu Nyerere akatuomba wananchi tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na shida ikazidi. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri, maduka yakabaki na rafu tupu. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilikuja kwa mgao, kaya kwa kaya, kupitia kwa balozi wa nyumba kumi, na mgao wenyewe hukujua utafika lini. Mshahara wa baba ulikuwapo. Cha kununua ndicho hakikuwapo. Na mwaka huo, tangu Machi, serikali ilikuwa katika msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, ukisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Tulisikia habari za watu kutupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo.

Mama alikuwa na makopo yake. Makopo ya maziwa ya unga, debe moja lililotoboka, na sufuria iliyokatika mkono, vyote vimepangwa kando ya ukuta wa uani upande wenye kivuli. Ndani yake kulikuwa na kotimiri, nanaa, mrehani na mche mmoja wa pilipili mbuzi uliokuwa ukizaa kama umelishwa mbolea ya serikali. Mchaichai aliupanda chini, pale maji ya bafuni yanapotokea, ukawa kichaka. Kotimiri ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu joto la Tanga huifanya itoe maua upesi na majani yakaisha. Basi kila baada ya wiki tatu hivi alichukua mbegu za giligilani, ambazo ndizo mbegu za kotimiri, akazibiringishia chupa juu ya jiwe mpaka zipasuke mbili mbili, akazimwaga kwenye kopo jingine. Akivuna hili, lile linachipua.

Baba hakuyapenda makopo hayo. Alikuwa akiingiza baiskeli uani usiku akayagonga, na kila akiyagonga alisema yaleyale: "Mamake, haya mabati yako yataniua." Mama anayasimamisha, anarudisha udongo kwa kiganja, hajibu.

Siku yenyewe mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alitokea bila taarifa baada ya alasiri, na basi la Dar es Salaam, kachoka na vumbi. Hodi yake mama aliitambua kabla hajamwona. Walikuwa hawajaonana karibu miaka mitatu. Tulimpa shikamoo, akatuwekea mkono kichwani mmoja mmoja, kisha akafungua begi na kutoa fulana iliyoviringishwa, ndani yake robo kilo ya sukari. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka chumbani badala ya jikoni.

Baba alirudi kutoka kazini akamkuta shemeji yake barazani. Wakasalimiana kwa furaha ya kweli, wakacheka, baba akaitisha maji ya kunywa. Baada ya muda akaja uani, uso umebadilika. Tulikuwa na vibua sita kutoka Deep Sea, wanakoshusha samaki pale Tanga, muhogo, na tembele. Mafuta hatukuwa nayo kwa zaidi ya mwezi, na kwa muda wote huo tulikuwa tukila chukuchuku: samaki, maji, chumvi, ndimu na nyanya, basi.

"Shemeji katoka Dar, nimlishe chukuchuku?" Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, maana hakuwa na ujasiri wa kumwuliza mama. Akanipa chupa tupu na noti mbili za shilingi 20, akanielekeza nyumba moja barabara ya pili kutoka kwetu. Nipite nyuma, nibishe mara moja, niseme nani kanituma.

Njia ya kutokea nyuma ilipita mbele ya mama. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Aliiona chupa.

"Lete."

Nikampa. Akaisukuma uvunguni mwa benchi. Akaniuliza pesa ziko wapi, nikafungua kiganja. "Zifunge pindo la khanga yako. Usiku utamrudishia baba yako mwenyewe, mkononi, na mgeni asione." Halafu akasema neno ambalo nililielewa vizuri sana kwa umri wangu: "Ukikamatwa na chupa ile, atakayelala ndani si wewe."

Akaniachia mbuzi nikune. Nazi zilikuwa tatu. Nataka ieleweke kwamba nazi tatu kwa mlo mmoja, nyumbani kwetu, mwaka ule, ilikuwa israfu. Kila mtu wa pwani anajua kwamba ndani ya nazi mna mafuta, hiyo si siri. Lakini nazi zile tatu zilikuwa michuzi ya siku tatu, na mama alikuwa ameamua zote ziishe usiku mmoja kwa ajili ya kaka yake.

Nazi mbili za kwanza akazikamua kwa maji ya moto kidogo tu, akapitisha kwenye kifumbu, kasimele likatoka zito linanata vidoleni. Chicha akaliweka pembeni kwa tui la pili. Kasimele likaenda sufuriani, na hapo ndipo alipovuta kigoda akakaa.

Nililitazama naye. Kwanza lilichemka kwa povu jeupe na sauti ya uji, bwata bwata. Likapungua, likawa zito. Kisha likaanza kugawanyika, na mkono wangu wenyewe ukataka kuinuka kutafuta upawa. Mama akanishika kifundo. "Liache." Sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, kama mvua ya mbali juu ya bati. Pembeni mwa sufuria yakaanza kutoka macho madogo ya mafuta, maangavu, yakaungana, na yale madonge meupe yakashuka chini yakageuka manjano, halafu kahawia. Uani ukanuka kashata. Wadogo zangu wakaacha mchezo wakaja kusimama mlangoni.

Yalipokuwa tayari akayachota taratibu, kijiko baada ya kijiko. Yalijaa kikombe kimoja cha kahawa na ziada kidogo. Yale mashapo ya kahawia akayakusanya kwenye kisahani, akatuonjesha kila mmoja ncha ya kidole, yaliyobaki akayafunika.

Kutoka hapo mikono yake ilikwenda mbio. Vibua alikuwa ameshawaosha kwa ndimu na chumvi. Kwenye kinu tukatwanga thomu, tangawizi na mizizi ya kotimiri. Mizizi, kwa sababu mama alishikilia kwamba harufu ya kotimiri inakaa mizizini, majani ni salamu tu. Akawachanja samaki ubavuni, akawasiliba, akawabanika juu ya makaa mpaka ngozi ikakaza, ili wasivunjike mchuzini. "Kibua kaja na mafuta yake pia," alisema matone yalipokuwa yakilia motoni, na huo ulikuwa mzaha wake pekee jioni ile.

Mafuta ya nazi yakarudi motoni, vitunguu vikaingia, na nyumba nzima ikasikia. Mtu ambaye hajakaa mwezi mzima bila kusikia kitunguu kikilia kwenye mafuta hatanielewa hapa. Nyanya, bizari kidogo, mchaichai tatu alizozipondaponda kwa mchi na kuzifunga fundo, pilipili mbuzi moja nzima isiyotobolewa. Tui la pili. Samaki. Mwisho, nazi ya tatu, kasimele lake safi, na sasa upawa ukarudi kazini: chota, inua, mimina. Hili halikukatika.

Pembeni mambo yalikuwa mepesi. Muhogo wa kuchemsha, uliopasuka vizuri. Tembele lililopikwa kwa chumvi na tui jepesi, juu yake yale mashapo ya kahawia yamenyunyizwa. Na kachumbari ya embe mbichi: embe limekatwa nyuzi nyuzi, kitunguu kimefikichwa kwa chumvi na kuoshwa, nanaa ya kwenye kopo imechanwa kwa mkono. Mama hakukata nanaa kwa kisu, alisema kisu kinaitia weusi. Kotimiri niliivuna mimi, kopo zima, na haikuingia sufuriani mpaka sufuria iliposhuka motoni kabisa na kuwekwa sakafuni. Akaimwaga juu, akafunika, akahesabu kimya kimya, akafunua. Akaniita niiname ninuse. Mvuke ule naukumbuka mpaka leo: bahari kwanza, kisha nazi, halafu ule ukijani mkali unaopanda puani kama asubuhi.

Sisi tulikula uani na mama. Baba na mjomba walikula ukumbini, mkekani, taa ya chemni katikati. Mimi ndiye niliyewanawisha, kwa hiyo niliona. Mjomba alivunja muhogo, akachovya, akatia mdomoni, akanyamaza. Akachovya tena. Akasema, bila kumtazama mtu, "Huu ni mkono wa mama yetu." Bibi yangu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikuwa na la kulinganisha, lakini nilimwona akivuta kitambaa cha kiti kilichokuwa karibu na kujifuta uso, na hakukuwa na joto la kiasi hicho.

Baba alikuwa amekunjuka kabisa. Akanikonyeza, akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika na mpango wake, "Kula shemeji, kula. Chakula bila mafuta si chakula."

Nikashika birika vizuri nikarudi uani. Mama alikuwa amesikia. Aliendelea kumtolea miba mdogo wangu wa mwisho.

Baadaye kulikuwa na chai ya mchaichai, yenye sukari, sukari ya mjomba. Mama aliigawa kijiko kimoja kimoja, yake akainywa bila sukari.

Baba alipotoka kwenda kuswali isha nilimfuata mpaka nje, nikafungua pindo, nikampa noti zake mbili. Alizitazama kwa mwanga wa mlango.

"Hukwenda?"

"Sikwenda, baba."

"Mafuta yametoka wapi?"

"Kwenye nazi. Mama aliliacha tui likatike."

Alikaa na zile noti mkononi muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilijiandaa kwa lolote. Alichouliza ni, "Na zile harufu?"

"Kwenye makopo."

Akazikunja noti, akatia mfukoni, akaenda zake msikitini. Aliporudi, baiskeli aliisukuma kwa mkono akaiegemeza ukumbini, hakuiingiza uani.

Nililala chumba kinachotazama uani. Alfajiri, kabla hata mjomba hajaamka kujiandaa na basi, nilisikia maji. Nikachungulia. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya makopo, kavaa shuka na fulana ya kulalia, na mkononi anayo ile chupa aliyonituma nayo mafuta. Ameijaza maji, ameziba mdomo wake kwa kidole gumba ili yatoke kidogo, anamwagilia kopo la kotimiri nililolivuna usiku, lililobaki na visiki tu.

Mama alikuwa ameshasimama mlangoni mwa jiko, khanga begani.

"Taratibu, babake," alisema. "Haitaki maji mengi."

Baba akakaza kidole.