Fiat ya Mwalimu ina tundu la hendeli

Mtu akikwambia ana Fiat 124, mpongeze, kisha muulize vitasa vya milango vimekaaje. Asipokuelewa, mwambie apige picha.

Nasema hivi kwa sababu tangu niandike kwamba gari langu, ninaloliita Macho Manne kwa taa zake nne za mbele, ni Fiat 124 Special, simu yangu imekuwa albamu ya magari ya watu. Sikujua kusini kwetu yamebaki haya yote. Mengine yanatembea, mengine yanafugiwa kuku. Na swali ni lile lile: "Mama, hili langu ni lipi hasa?"

Kwa mgeni wa hapa: mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho Mtwara, nakaa Chikongola, na gari ni langu. Si la mume wangu. Natanguliza hilo maana kila nikisimama kituo cha mafuta wananiulizia mzee yuko wapi.

Sasa, kinachowachanganya watu ni kwamba 124 ni gari moja lenye ndugu wengi mno. Waitalia walilitoa 1966, likapewa tuzo ya gari la mwaka la Ulaya kwa 1967, na baada ya hapo kila nchi ikataka la kwake. Wahispania wakaliunda kwa jina la SEAT, Waturuki wakaliita Murat. Wasovieti ndio waliokwenda mbali zaidi: walisaini mkataba na Fiat mwaka ule ule wa 1966, kikajengwa kiwanda kizima kando ya mto Volga, kwenye mji wenye jina la Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia. Magari yakaanza kutoka huko 1970. Ukiyapanga barabarani, la Turin kwa Fiat wenyewe na la Volga, mpita njia ataapa ni mapacha.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu wa Lindi.

Mwalimu ni mstaafu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akienda kununua mkaa. Gari lake jeupe, limetunzwa, na nyuma kwenye buti lina herufi za chuma: FIAT 124. Kadi nayo inasema Fiat. Alinipigia kwa jambo jingine kabisa. Injini ilikuwa inachanganya maji na oili, fundi akaomba gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu, kijana wao wa Dar akatafuta gasketi ya Fiat 124 ya 1200 na kuituma kwa basi. Ilipofika, haikukaa. Matundu ya silinda hayakulingana, njia za maji hazikulingana. Fundi akasema wameuziwa feki.

Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu. Kabla hujamlaumu muuzaji, naomba picha ya kitasa cha mlango wa mbele."

Akatuma picha ya shoo ya mbele, nzuri, jua la asubuhi. Nikaomba kitasa. Akatuma dashibodi. Ni mara ya tatu ndipo kitasa kilipokuja, na kilikuwa kimezama ndani ya bati la mlango. Kitasa cha Fiat ya Italia kimetokeza nje, na kina kitufe unachokibonyeza kwa kidole gumba. Nikanyamaza kidogo, nikamuuliza kama pale mbele, usawa wa bampa, kuna tundu ambalo hajui kazi yake.

"Lipo," akasema. "Watoto walikuwa wanaficha humo shanga."

Lile ni tundu la hendeli, la kuwashia gari kwa mkono betri ikiganda kwenye baridi ya kwao. Kwa hiyo gari la Mwalimu ni Lada, la kiwanda kile cha Volga, lile walilolipa namba 2101. Lakini jambo kama hilo humwambii mtu mzima kwenye simu. Jumapili nikamchukua fundi wangu, tukapita Mikindani na Mnazi Mmoja, tukaingia Lindi kabla jua halijawa kali.

Fundi alifungua boneti na hakuhitaji hata spana. Fiat 124 ya kawaida ina kemshafti, ule mti wa chuma unaofungua valvu, chini, ubavuni mwa bloku, na valvu zinasukumwa na vijiti virefu. Ya Mwalimu kemshafti iko juu ya hedi, inavutwa na cheni. Ni injini mbili za koo tofauti. Kinachotia watu kizunguzungu ni ukubwa: ya Italia ni sentimita za ujazo 1197, ya Wasovieti ni 1198. Tofauti ya moja! Kwenye kadi zote zinaandikwa 1200 na maisha yanaendelea. Ila ya Italia silinda ina upana wa milimita 73 na pistoni inatembea 71.5, wakati ya Togliatti ni 76 kwa 66. Gasketi ingekaaje? Muuzaji wa watu hakuwa na kosa lolote.

Tukavua gurudumu la nyuma ili kumaliza ubishi. Fiat 124 ilikuja na breki za diski magurudumu yote manne, jambo ambalo kwa gari la familia la miaka ile lilikuwa anasa. Wasovieti walipoijaribu kwao, vumbi na tope vikatafuna diski za nyuma haraka, wakaweka dramu. Tulikuta dramu.

Mwalimu alisimama pembeni mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Kisha: "Kwa hiyo miaka yote hii naendesha Mrusi?"

Mkewe alikuwa anamenya mihogo barazani. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mimi nilisema! Italia gani inanguruma hivyo?"

Nilimwambia Mwalimu ninachokiamini, na hapa nakirudia kwa yeyote mwenye Lada anayeona haya. Wale jamaa walibadilisha mamia ya vitu kwenye lile gari kabla ya kuliuza. Waliliinua kutoka chini, wakanenepesha bati, wakaimarisha springi na shokapu. Mwalimu alikuwa anakwenda Dar wakati Rufiji inavukwa kwa pantoni pale Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, na kipande cha Somanga kinajulikana kilivyokuwa masika. Macho Manne yangu, pamoja na uzuri wake wote, ingelala pale pale na mimi ndani. Na kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, bati nene ni sala iliyojibiwa. Chini ya milango ya gari langu nimeshachomelea vipande mpaka sijui kipi ni cha Turin na kipi ni cha gereji ya Magomeni.

Tulichokosania ni herufi za kwenye buti. Aliyemuuzia ndiye aliyezibandika, bila shaka kupandisha bei. Mimi nilitaka zitoke, kwa sababu gari likiandikwa uongo, mwenye nalo kesho ataagiza tena spea za uongo. Mwalimu amekataa. Anasema amezoea, na kwamba Fiat wenyewe ndio walioichora, kwa hiyo ni nusu kweli. Nimemwachia. Gasketi ya Lada imepatikana, injini imetulia.

Mzee wa Mikindani ni kinyume chake kabisa. Yeye ana 125, na ukimwita Mwitalia anakasirika. Fiat 125 ya Turin, ya 1967, ina taa nne za mbele zenye umbo la mraba, na injini ya 1608 yenye kemshafti mbili juu. Ya kwake ina taa nne za duara, vijiti vya kusukuma valvu, na ujazo wa 1481. Hiyo ni Polski Fiat 125p ya Warszawa, bodi ya 125 iliyokalia injini ya Fiat 1500 ya kabla yake. Wapolandi waliendelea kuitengeneza mpaka 1991, ingawa jina la Fiat lilitoka 1983 leseni ilipokwisha. Mzee anayo hata bango la kampuni hiyo ukutani, na amelisahihisha kwa kalamu sehemu fulani. Sikuthubutu kuuliza.

Wa Masasi ana 131 Mirafiori. Haina fumbo, imeandikwa, endelea na safari zako kaka.

Nimeulizwa pia yangu nina uhakika gani. Swali zuri, maana taa nne mtu yeyote anaweza kuzipandikiza, na nimeziona zimepandikizwa. Kwa 124 Special nenda kwanza kwenye injini: 1438, silinda milimita 80. Halafu lala chini, utazame ekseli ya nyuma. Zile 124 za kwanza kabisa zina bomba nene linaloifunika propela, ule mti unaopeleka nguvu ya injini nyuma, na kushikana na difu. Special ilipokuja 1968 bomba likaondolewa, ekseli ikashikwa na mikono minne na fimbo moja ya kukatiza. Yangu ina mikono, ina fimbo, ina diski nne. Ukikuta na kemshafti mbili juu, hiyo ni Special T, na tafadhali nipigie kabla hujampigia mtu mwingine.

Na juzi imekuja picha kutoka Newala. Gari limo chini ya mkorosho, halina vioo, rangi haijulikani tena. Kijana aliyeituma anasema lilikuwa la mfanyabiashara wa duka aliyerudi zake zamani, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshatoa bei. Milango ya mbele inafunguka kinyume, bawaba ziko nyuma. Nadhani ni 1100, zile zilizoanza 1953, bibi wa zile teksi za zamani za Bombay. Nimemwomba asafishe kibati kilichomo ndani ya boneti na anisomee. Ikiwa injini ni 1089, ni ya zile za zamani. Ikiwa 1221, mtu alishaibadilisha injini kwa ya 1100D, toleo la baadaye. Hajajibu bado. Ijumaa nikitoka ghalani napanda uwanda wa juu wa Makonde mwenyewe, na wa vyuma chakavu ameambiwa asubiri.