Mizigo Miwili ya Safari ya Ziwa Natron

Agosti 2014 mimi na mume wangu tulikubaliana kwenda kulala katika hema kando ya Ziwa Natron, kila mmoja na pikipiki yake, na maandalizi yakachukua jioni nyingi kuliko safari yenyewe. Tulikuwa tukiishi Arusha. Lami ingetufikisha Mto wa Mbu kupitia Makuyuni bila taabu, lakini kutoka hapo kupitia Engaruka hadi Engare Sero, kijiji kilicho kando ya ziwa, kulikuwa na zaidi ya kilomita 100 za mchanga, vumbi la volkano na vijituta vilivyopangana barabarani, ambavyo mtikisiko wake hulegeza kila nati isiyokazwa kwa uangalifu. Barabara hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu tulichofanya.

Mimi nilikuwa na Boxer 150, yeye alikuwa na Yamaha DT 125 ya zamani aliyoipenda kupita kiasi, na tofauti ya pikipiki hizo mbili ilitupa kazi. DT ina injini ya mipigo miwili, hivyo inahitaji oili yake maalumu katika tangi la pembeni, na inakunywa petroli kuliko Boxer. Tulichukulia kwamba baada ya Mto wa Mbu hatutapata mafuta ya kutegemea, ndipo tukaongeza kidumu cha lita 5 na chupa ya oili ya akiba. Chujio la hewa la DT ni la sponji. Mume wangu alilifua, akalikausha kivulini na kulipaka oili, kwa sababu sponji kavu haizuii vumbi laini kama la Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo karibu na ziwa hilo.

Fundi wetu, kijana mtulivu aliyekuwa amezifahamu pikipiki hizo kwa muda mrefu, alipitia spoku moja moja akizigonga kwa spana na kusikiliza mlio wake. Alipofika kwenye mnyororo wangu alisimama. “Shemeji,” aliniambia, “huu umevutika. Mjini utakuhudumia, lakini kule sikushauri.” Tulibadilisha mnyororo pamoja na spoketi zake zote mbili, maana mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika huharibika upesi. Alinikataza pia kuupaka oili chafu ya injini, jambo ambalo madereva wengi wa bodaboda hulifanya. Katika vumbi la namna ile, oili nzito hushika chembe za mchanga na kuusaga mnyororo kama msasa. Naamini ushauri huo una thamani kuliko nusu ya vipuri vinavyouzwa madukani.

Suala la pancha lilitushughulisha sana. Magurudumu yote mawili ya Boxer ni ya inchi 17, lakini DT ina inchi 21 mbele na 18 nyuma, na kubeba mipira ya ndani ya kila saizi kungejaza begi zima. Fundi alitueleza kwamba mpira wa inchi 21 unaweza kutumika katika tairi la nyuma kwa dharura, ukitiwa kwa subira na bila kukunjwa. Hivyo mipira ikawa miwili tu, pamoja na viraka na gundi.

Baada ya hapo tulitandika turubai uani na kupanga vitu vyote juu yake. Mume wangu alikuwa na mpango uliokaa vizuri katika karatasi. “Mke wangu, wewe beba hema, jiko na chakula, mimi nitabeba maji na vifaa vya ufundi.” Nilimuuliza: ikiwa atakwama mchangani nyuma yangu, nami nimekwisha kuvuka kilima, mimi nitakunywa nini, na yeye atajifunika nini jua likizama? Maji ya Natron ni ya magadi. Heroe huzaliana pale kwa maelfu, lakini mtu hawezi kuyanywa. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuondoa vitu kwenye mafungu yake.

Tangu hapo tuligawa upya kwa swali moja: je, kila pikipiki inaweza kumlaza mtu wake usiku mmoja peke yake? Maji yaligawanywa sawasawa, katika chupa ndogo ili moja ikipasuka zisimwagike zote. Mimi nilichukua hema, yeye turubai na blanketi zito tulilolipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi. Tulinunua pampu ya pili na tairi liva nyingine, yaani chuma cha kubandulia tairi, gharama ambayo yeye aliiona ni kubwa nami sikuiona hivyo. Kwa kuwa tuliambiwa upepo wa usiku kando ya ziwa ni mkali, tulimwomba mchomeleaji atukatie vigingi virefu vya nondo vya kufungia hema; hivyo, kwa uzito wake, viliwekwa chini kabisa, karibu na kiti, kwa sababu uzito ukikaa mwishoni mwa keria gurudumu la mbele huwa jepesi na pikipiki huyumba mchangani.

Jioni moja tulipakia kila kitu, tukafunga kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, tukaenda hadi kwenye barabara mbovu nje ya Ngaramtoni na kurudi. Jaribio hilo lilitufaa kuliko ukaguzi wote wa uani, kwani keria ya DT ilipata ufa mahali ilipoungwa. Mchomeleaji yuleyule aliiongezea bamba la chuma kila upande, nasi tukarudia njia ileile siku iliyofuata tukiwa na mzigo kamili.

Tuliondoka alfajiri. Makuyuni tulisimama kunywa chai, tukapitisha spana katika kila nati tuliyoweza kuifikia, na iliyokuwa imelegea ni ya kioo changu cha kushoto peke yake. Mume wangu aliikaza, akaangalia kamba za mzigo wangu, nami nikaangalia za kwake, tukaendelea.