Chini ya miembe ya Maruhubi

Mama mdogo alikuwa mwalimu wa historia, na likizo moja nilipokuwa shule ya msingi alinichukua kwenda Maruhubi, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tulishuka kwenye njia ya Bububu tukaingia kwa miguu. Nilitegemea jumba la mfalme lenye milango ya nakshi. Nikakuta nguzo, nene na ndefu, zimesimama juani bila paa.

Akanieleza. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, akawaweka humo masuria wake. Roshani ya mbao ililizunguka jumba kwa juu, na nguzo zile ndizo zilizoibeba. Mwaka 1899 moto ukateketeza kila cha mbao. Marumaru za hamamu nazo zikaja kung'olewa na watu.

Nilisogea kwenye nguzo moja iliyobanduka lipu. Ndani yake lilikuwa jiwe la matumbawe, limejaa vijitundu vyenye mistari myembamba kama nyota, kila kimoja nyumba ya kiumbe wa baharini aliyekwisha zamani. Nikapitisha kidole tundu baada ya tundu. Jumba zima lilitoka baharini! Pembeni kulikuwa na kiraka cha saruji, na mama mdogo alikitazama kwa uchungu. Jiwe hili linataka chokaa, alisema. Chokaa huacha unyevu utoke, saruji huuziba ndani mpaka jiwe likaoza. Nami hadi leo siwezi kupita gofu lolote la pwani bila kuangalia limezibwa kwa chokaa au kwa saruji.

Lakini bustani! Moto haukuimaliza. Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, na inasemekana ukuta mrefu wa Maruhubi aliuiga kwa aliyoyaona huko. Miembe nayo husemwa ilitoka India. Mimi najua kivuli chake tu: unatoka kwenye jua kali, hatua mbili, jasho linakauka. Kwenye birika la zamani mayungiyungi yalikuwa yamechanua, na kereng'ende mwekundu alitua kwenye jani, akaruka, akarudi jani lile lile. Nilikaa pale mpaka nikaitwa mara ya tatu. Sijaona jumba zima, lenye paa na fanicha zake, lililonipendeza kuliko lile gofu.

Tulitokea upande wa pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, upepo umeshika.

"Mama, wale masuria walikuwa wakishuka huku?"

"Washuke vipi, mwanangu? Walikuwa watumwa. Ukuta wote ule umeuona."

"Mimi ningeshuka usiku."

"Na walinzi je?"

Tulibishana hivyo mpaka tukapata gari ya kurudi mjini, na ndani ya gari tukaendelea.