Ukili wa bibi ulivyonifundisha kuchonga mafundo ya Kiselti

Huu ni mwaka wa sita niko Dublin, nafanya useremala: milango, makabati, ngazi. Patasi naijua tangu Wete, kwetu Pemba, lakini mafundo ya Kiselti yalinitoa jasho. Ni ile nakshi ya kale ya Ireland, ya utepe mmoja unaojipinda, unajipita juu na kujipita chini, na ncha huioni. Maktaba ya Trinity College ina Kitabu cha Kells, Injili nne zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama karibu mwaka 800, na kurasa zake zimejaa mafundo hayo. Kule Monasterboice, magofu ya monasteri kaskazini mwa Dublin, yamechongwa kwenye msalaba wa mawe unaozidi mita 5 kwenda juu.

Mara mbili nilinakili fundo zima kwa karatasi ya kaboni, nikalichonga kama lilivyo. Mara zote mbili lilitoka limekufa. Utepe bapa, haupandi wala haushuki.

Usiku mmoja nikaacha kunakili. Nikatia vidoto kwa rula, sentimita moja moja, nikavuta mistari ya mshazari inayopishana. Nilipoinua kichwa nikaona ukili, ule mkanda wa miyaa unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka. Bibi yangu kule Pemba amesuka mikeka maisha yake yote, na mimi nimekua nikimpasulia miyaa. Kumbe fundo la Kiselti ni ukili uliokatwa! Unachora kwanza ukili mtupu, halafu unachagua makutano machache na kuyafuta. Nyuzi zilizokuwa zikipishana pale unazikunja, kila moja igeuke na kurudi upande wake. Kinachonifurahisha hadi leo ni kwamba hata ufute makutano gani, mpango wa juu, chini, juu, chini hauharibiki.

Ubao niliochukua ulikuwa wa laimu, sentimita 30 kwa 9. (Usiuchanganye na mdimu wetu, huu ni mti mwingine kabisa wa Ulaya.) Ni mbao laini, nyuzi zake zimelingana, haikusumbui wakati unajifunza. Nilikata kingo za utepe kwa kisu kilichosimama wima, kisha nikashusha ardhi yote, yaani sehemu isiyo utepe, milimita 5 kwa patasi nyembamba na bobari, ile patasi yenye mdomo uliopinda.

Kazi yenyewe iko kwenye makutano. Ule utepe wa juu usiuguse. Wa chini unauteremsha milimita 2 hivi, lakini mteremko uanze mbali, katikati ya makutano mawili, ili utepe uzame taratibu na kuibuka taratibu upande wa pili. Ukichimba shimo dogo karibu na makutano tu, jicho linaliona shimo, utepe halioni. Na kwa kuwa utepe umelala mshazari, nyuzi za mbao hugeuka kila kona: upande huu patasi inateleza kama kwenye siagi, upande wa pili inanyanyua vipande. Hapo geuza mkono, usilazimishe. Mimi nilikuwa nanoa patasi kwa kuifuta kwenye mkanda wa ngozi kila baada ya dakika kumi.

Kwenye makutano ya tisa nikateremsha utepe usiostahili. Juu, juu. Nilikaa nikiutazama ubao mpaka chai ikapoa. Nikaona bado nina kina, nikaushusha ule mwingine zaidi, milimita 4, ukapita chini ya ule niliokwisha kuuharibu, nikaurefusha mteremko pande zote mbili. Tangu siku hiyo sianzi kuchonga kabla sijaandika J na C kwa penseli kwenye kila makutano, kisha nikapitisha kidole utepe mzima huku nikitamka kwa sauti: juu, chini, juu, chini.

Msasa sikutumia, unafuta kingo. Niliupaka mafuta ya kitani mara mbili, nikautundika juu ya mlango wa jikoni, nikampigia bibi simu ya video.

Aliusogeza uso karibu na kioo, akaufuata utepe kwa kidole, kimya.

"Mjukuu wangu, huu umeanzia wapi kuusuka?"

"Hauna mwanzo, bibi. Umejirudia wenyewe."

Akaendelea kuufuata. Kidole kikasimama palepale, kwenye makutano ya tisa.

"Hapa," akasema, "hapa pamelegea."