Mkungu wa mbele ya kwetu

Mti wa mkungu wa mbele ya nyumba yetu ulikatwa mwaka jana, nami nilikuwa miongoni mwa tulioridhia. Mtaa wenyewe, hapa Unguja, unaitwa Mikunguni! Hoja ilikuwa kwamba usiku vijana wanakaa pale wanavuta bangi, na siku moja mwizi atajibanza. Niliona maneno yana maana. Kikabaki kisiki.

Sikuwafikiria wazee wa bao. Walianza baada ya Alasiri. Muuza kahawa akiweka dele lake pembeni, watoto wakiponda kungu kwa mawe watoe kiini, bibi wa nyumba ya pili akiuza bajia. Baada ya Maghrib wengine walirudi kumalizia mchezo. Mgeni akipita anasalimiwa, anaulizwa anamtafuta nani. Kivuli kilipoondoka nao wakahama. Nani akae juani?

Mwezi wa Rajabu, baina ya Maghrib na Isha, nikaporwa mkoba pale pale penye kisiki. Vijana wawili, juu ya vespa. Nikapiga kelele, hakutoka mtu. Siwezi kuapa kwamba mti ungewazuia, lakini nawajua kwa majina ambao wangekuwa wamekaa chini yake.

Tangu hapo nasoma. Kule Chicago, Marekani, watafiti Frances Kuo na William Sullivan walichunguza majengo 98 ya nyumba za umma za watu wa kipato cha chini. Matokeo yalitoka 2001: majengo yaliyozungukwa na miti na majani mengi yaliripotiwa uhalifu pungufu kwa asilimia 52 kuliko yale makavu. Sababu mojawapo waliyoieleza ni hiyo hiyo ya wazee wetu: penye kivuli watu hukaa, na penye watu pana macho. Huko Baltimore nako, utafiti wa 2012 ulikuta palipozidi kivuli cha miti kwa asilimia 10, uhalifu ulikuwa pungufu kwa kama asilimia 12.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Portland, huko huko Marekani. Miti mikubwa iliambatana na uhalifu mdogo, lakini miti midogo inayoziba madirisha iliambatana na uhalifu zaidi. Kumbe hofu yetu haikuwa ya bure, dawa ndiyo tuliyokosea. Mkungu wetu ulihitaji kupogolewa matawi ya chini na kuwekewa taa. Tukauletea msumeno.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa sheha kuomba ruhusa ya kupanda mwengine. Mche nimeuotesha mwenyewe, kwa kungu aliyoniletea shangazi kutoka Bububu. Sasa una majani sita, nimeuzungushia makuti mbuzi wasiule. Juzi jioni mzee mmoja wa bao alipita, akauinamia, akauliza, "Mwanangu, huu kivuli chake lini?" Nikamwambia mikungu haichelewi.

Asubuhi nilipotoka na ndoo, nikaukuta umeshatiwa maji.